Gia Nyekundu Chini ya Ziwa

Watu wengine huweka akiba ya nafaka, wengine akiba ya vitenge sandukuni. Mama Kioo aliweka akiba ya kisasi, tena aliiweka chini ya ziwa, pima nane za maji, mahali ambapo angeweza kwenda kuitazama kila alipojisikia. Haikuwa na kufuli. Ilikuwa imelala pale, nyekundu, na maji ya ziwa lile siku hizo yalikuwa safi kiasi kwamba samaki akipita unamwona yeye na kivuli chake mchangani.

Ziwa lenyewe liko juu mlimani, chini kidogo ya kilele cha theluji, mahali ambapo mgeni akipanda ngazi mbili lazima ashike ukuta apumue. Nyumba ni za mawe na bati, zimebanana upande mmoja kwa kuogopa upepo. Wageni walikuja kwa jambo moja tu, kuona chini, na Mama Kioo ndiye aliyewaonyesha. Alikuwa na mashua ya makasia aliyoachiwa na marehemu mumewe, na ndoo ya bati aliyoikata kitako akakiziba kwa kipande cha kioo cha dirisha na lami. Ukiiweka ndoo ile juu ya maji na kuingiza uso ndani yake, mng'ao wa jua unakwisha na ziwa linafunguka mpaka sakafuni. Wapiga makasia wenzake waliicheka, wakasema huyu mama amejinunulia miwani ya ng'ombe. Wakampa na jina. Ila hakuna hata mmoja aliyeinama kuchungulia, na ndiyo maana hakuna aliyejua kilichokuwa kule.

Sasa tuanze na marehemu. Aliitwa Fundi, na hakuna aliyemwita vinginevyo. Alikuwa mtunzaji wa pampu ya kijiji, ile iliyopandisha maji kutoka ziwani mpaka kwenye tangi la juu. Kijiji kizima kilichanga kuinunua, mpaka vikongwe walitoa. Ufunguo wa kibanda cha pampu ulikuwa mmoja tu, ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa Fundi. Asubuhi moja kibanda kikakutwa wazi, pampu haipo, na kufuli halikuvunjwa. Mwenye ufunguo ni nani? Basi, kesi ikaishia hapo.

Hawakumpeleka polisi, kwa sababu mdogo wake alisimama mkutanoni, machozi yanamlengalenga, akawaomba watu wamsamehe kaka yake, kwani shida inaweza kumfanya mtu lolote. Watu wakamsifu mdogo mtu kwa moyo wake mzuri. Kaka mtu akatoka pale mwizi aliyesamehewa, na hilo ni baya kuliko kufungwa, maana aliyefungwa ana siku yake ya kutoka. Hakuna aliyempa kazi ya ufundi tena. Alikwenda kuponda kokoto za barabara, baridi ikamshika kifua, akafa akisema neno lilelile alilosema tangu mwanzo, "Sikuichukua, mke wangu." Mama yake mzazi akawa anakwenda kila asubuhi kufagia kibanda cha tangi bila kuambiwa na mtu, ili kijiji kimwonee haya. Binti yake, aliyekuwa darasa la nne, akaitwa Binti Pampu, na jina likamkaa.

Mama Kioo alimwamini mumewe kwa kuwa alimjua. Lakini kijiji hakiwezi kuambiwa "namjua" kikatosheka.

Ushahidi aliupata mwaka uliofuata, akiwa na mgeni mmoja chini ya lile jabali la upande wa mashariki. Aliinamia ndoo kuangalia kama kioo hakijashika ukungu, na mle ndani akaiona pampu. Imelala ubavu. Mnyororo umeizunguka mara mbili, na mwisho wa mnyororo kuna gia ya trekta iliyopakwa rangi nyekundu. Ziwa zima lilikuwa na nanga moja tu ya namna hiyo, wengine wote walitumia mawe. Ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa Fundi, yule wa machozi. Na wiki ileile pampu ilipopotea, shemeji huyo alipita kila kibaraza akilalamika kuwa wavuvi wamemwibia nanga.

Hapakuwa na cha kukisia. Shemeji alizoea kuingia nyumbani kwa kaka yake bila kubisha hodi, akauchukua ufunguo msumarini. Akaipakia pampu mashuani avuke nayo kwenda kumwagilia viazi vyake ng'ambo, airudishe kabla hakujapambazuka. Akaifunga kwa mnyororo wa nanga isicheze. Mashua ikayumba, vyote vikaenda pamoja. Akaurudisha ufunguo mahali pake, akanyamaza. Kaka yake alipobebeshwa wizi, alinyamaza. Kaka yake alipozikwa, alilia kuliko wafiwa.

"Nini kile chekundu?" mgeni aliuliza.

"Chuma tu," alijibu Mama Kioo, akaigeuza mashua.

Mtu mwingine angepiga makasia mbio mpaka ufukweni akaita watu. Yeye alirudi polepole, akifikiri. Wakati ule shemeji alikuwa nani? Mkulima wa viazi mwenye viraka kwenye magoti. Ukimsukuma mtu aliyeketi chini ataumia wapi? Mama Kioo aliamua kumngoja apande. Alitaka siku atakapoanguka, aanguke kutoka mahali pa maana, na kishindo kisikike mpaka mabondeni.

Naye akapanda, huwezi kusema hakupanda. Alipata ng'ombe, akapata nyumba yenye vigae, akaoa kwenye familia yenye duka, kisha akachaguliwa kuongoza kamati ya ziwa, na tangu hapo watu wazima na watoto wakamwita Mwenyekiti. Kila alipopanda ngazi moja Mama Kioo alisema moyoni, bado. Alikuwa ametunga maneno ya kusema siku hiyo. Aliyasema kimoyomoyo akiosha vyombo, akikaza skrubu za mashua, akisubiri wageni, mpaka yakawa hayana neno la kuongeza wala la kupunguza.

Katikati ya kungoja huko alijilipa kidogo kidogo. Mashua zilikwenda kwa zamu, na zamu ya Mama Kioo ikifika, Mwenyekiti mwenye safari ya ng'ambo hakuwa na la kufanya ila kupanda. Wakifika chini ya jabali, makasia yanasimama.

"Mbona umesimama, shemeji?"

"Napumzika. Mikono ya mjane hii, haina wa kuipokea." Kisha anamsogezea ndoo. "Hebu tazama chini kidogo. Wageni wanatoka mbali kuja kuona, wewe wa hapahapa hujawahi."

"Leo nina kizunguzungu."

"Pole. Nacho hukushika papa hapa kila siku."

Mwenyekiti alikuwa akitoka jasho kwenye baridi ambayo wengine walivaa makoti mawili. Alielewa kuwa Mama Kioo anajua. Mama Kioo naye alielewa kuwa ameelewa. Siku za namna hiyo Mama Kioo alirudi nyumbani akala akashiba, akamkaripia binti yake kwa upole kuliko kawaida, na akalala fofofo.

Halafu ziwa likamgeuka.

Mwanzoni wekundu ule ulikuwa kama umepauka. Alisugua kioo kwa majivu. Mwaka mwingine akabadilisha kioo chenyewe. Kisha akadhani ni macho, akashuka mjini kupimwa, akaambiwa macho yako mazima, mama. Alipoinua kichwa kutoka kwenye ndoo ndipo alipoanza kuona mengine. Theluji ya kilele ilikuwa imekonda. Kilichokuwa kikishuka kama theluji sasa kilishuka kama mvua, na mvua ile ilikuta ardhi iliyokuwa chini ya barafu tangu enzi na sasa iko wazi, laini kama unga, ikaikokota yote ziwani. Vichaka vilivyokuwa vikiishia kwenye zizi la chini vilikuwa vimepanda mpaka juu ya jabali, vikidondosha majani ndani ya maji. Maji yakawa rangi ya chai ya rangi. Jua lilipokaa wiki mbili bila upepo, upande wa kusini ukawa kijani. Wageni wakaja wakachungulia, wakaulizana tumekuja kuona nini, na mwaka uliofuata hawakuja.

Alikuja mtafiti, binti mpole wa chuo kikuu, akaikodi mashua. Alikuwa na sahani nyeupe iliyofungwa kamba. Aliiteremsha majini taratibu huku akiitazama mpaka ikapotea, akaipandisha mpaka ikaonekana tena, akashika kamba mahali hapo. Pima mbili hazikutimia.

"Zamani hapa iliwezekana kuona pima nane," alisema Mama Kioo.

"Naamini, mama. Wenzangu waliopita hapa zamani walipata hivyohivyo. Maziwa mengi ya milimani yanakwenda huku. Joto limeongezeka, barafu inaondoka, udongo unaingia, miti inapanda juu. Na maji yakipata joto, mwani unaota."

"Nani amefanya hivi?"

"Ni moshi wa miaka mingi. Viwanda, magari, mitambo."

"Nimekuuliza nani. Nitajie jina."

Mtafiti alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki. "Ni wengi mno, mama. Wengi wako mbali, na wengine hata hawajui kuna ziwa hapa."

"Mmoja tu anatosha," alisema Mama Kioo. Alikuwa mtu anayehitaji jina. Hasira isiyo na mtu wa kumfikia ilimkaa kifuani kama chakula kisichoshuka, na aliichukia.

Lakini kilichomchoma zaidi ni Mwenyekiti. Kila zamu uso wake ulikunjuka kidogo. Jasho likakauka. Ikafika siku, wako chini ya jabali, akanyoosha mkono akaichukua ndoo mwenyewe bila kukaribishwa. Akaingiza uso ndani, akakaa hivyo kitambo kirefu, akauinua.

"Ziwa letu limechoka, shemeji," alisema. "Mimi sioni kitu." Akamrudishia ndoo kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akitabasamu.

Mama Kioo alipiga makasia mpaka ng'ambo bila kuhisi mabega yake. Angeweza kumtosa siku ile. Nasema kweli, alipima kwa macho uzito wa lile kasia.

Kesho yake akaanza kutafuta. Alifunga kulabu kwenye kamba ndefu akaikokota chini ya jabali asubuhi mpaka mchana, akatoa magogo, akatoa matope, akatoa kiatu. Hapo ndipo alipogundua kosa ambalo mtu wa ziwa jingine asingelifanya. Watu wa pale hawakuwa na mazoea ya kushika mahali kwa alama za nchi kavu, ya kwamba ukiwa hapa mti ule unalingana na paa lile. Ya nini? Kisu kikikudondoka ulikiona kilipo, ukakifuata. Miaka yote alikuwa akiifikia pampu kwa macho. "Chini ya jabali" palimtosha. Sasa macho yalipoondolewa, chini ya jabali pakawa papana kama uwanja, na kulabu haikushika chochote.

Angefanya nini mtu mwingine? Angeacha. Mama Kioo alimuuliza mtafiti kama kuna chombo kinachoona chini ya maji machafu. Mtafiti akasema vipo, vinatuma sauti na kusikiliza inavyorudi, ila wao hawana, wao kazi yao ni maji na matope. Mama Kioo akashukuru. Sehemu ya pili ya jibu akaiacha palepale mashuani.

Jioni alikwenda kwa Mwenyekiti. Sebule ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vioo lenye vikombe visivyonywewa, na picha ya Mwenyekiti akikata utepe. Mke wake akaleta chai akaondoka.

"Shemeji, nimekuja kama mtu wa kamati," alisema Mama Kioo. "Yule binti mtafiti analeta mashine wiki ijayo. Itapita ziwa zima."

"Mashine ya nini?"

"Inaona kwa sauti. Haijali tope wala giza. Anasema hata jembe likiwa chini, linatokea kwenye picha." Akapuliza chai yake. "Nimemwambia aanzie kwenye jabali, ndiko kwenye kina."

Mwenyekiti alikirudisha kikombe chake kwenye kisahani. Akasema vizuri, sayansi ni jambo zuri.

Siku ya gulio kijiji hushuka chote kwenda sokoni bondeni, hubaki wagonjwa na kuku. Mama Kioo aliwachagua wapiga makasia wawili, wale waliokuwa na midomo mirefu kuliko wote Fundi alipoitwa mwizi, akawaambia waje naye nyuma ya jabali. Hawakuuliza sana. Tangu wageni wakatike hawakuwa na kazi ya kuacha.

Mwenyekiti alitokea peke yake, mchana kweupe, na kamba na kulabu. Kwa nini ajifiche? Maji yale yalimfichia kila kitu. Alisimama wima mashuani. Akatazama bomba la moshi la zahanati mpaka likalingana na ufa wa kilele. Akageuka, akalinganisha mlingoti wa bendera wa shule na mstari mweupe wa jabali. Akapiga kasia mara mbili kurudi nyuma, akatosa kulabu. Kamba ikakaza palepale.

Mama Kioo aliuma kidole asipige kelele. Yeye aliyekuwa akiona hakuweka alama hata moja. Huyu aliyekuwa akiogopa aliweka nne, na hakuzisahau miaka yote hiyo.

Walimwacha avute, mpaka mashua yake ilipoinamisha pua na akaanza kuukokota mzigo kuelekea kwenye kina zaidi. Ndipo wakatokea.

"Tukusaidie, shemeji?" aliuliza Mama Kioo.

Wale wawili waliishika kamba, mkono kwa mkono, mpaka pampu ikachungulia, imevaa tope na mwani, na nyuma yake mnyororo, na nyuma ya mnyororo gia. Mmoja wao aliisugua kwa kiganja. Rangi nyekundu ilikuwa bado ipo kwenye meno. Akamtazama Mwenyekiti, akaitazama gia, akavua kofia yake bila kujua anamvulia nani.

Watu waliporudi kutoka gulioni walikuta vitu vile vimepangwa ufukweni, na Mwenyekiti amekaa juu ya jiwe, suruali imelowa mpaka magotini. Mama Kioo akasema maneno yake. Aliyasema yote, hakuruka hata moja, kuanzia ufunguo msumarini mpaka machozi ya mkutanoni, na watu waliomzomea mumewe walisimama na vikapu vyao vichwani wakasikiliza kama watoto wanaosomewa majina ya waliofeli. Alimtazama shemeji yake akikunjamana na hakumwonea huruma hata chembe. Ilikuwa tamu kama alivyoitarajia. Tusidanganyane, ilikuwa tamu.

"Kila uliponisimamisha pale nilingoja useme," Mwenyekiti alisema kwa sauti ndogo. "Ungesema siku ya kwanza, ningekubali."

"Na ungekubali siku ya kwanza, nisingengoja."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Lilikuwa jibu zuri.

Binti wa Mama Kioo alifika na lori la mwisho. Alikuwa mtu mzima sasa, anauza dawa kwenye duka la mjini, na hakuwa akipanda huko juu ila kwa msiba. Mtu alimpigia simu. Alipita katikati ya watu, nao wakampisha. Akachuchumaa mbele ya pampu akaishika, akalia kidogo, akafuta uso kwa mtandio.

"Mliijuaje ilipo?" aliuliza.

"Mama yako huyo," alisema mpiga makasia, akiwa na furaha ya kusifu. "Aliiona zamani kwa ile ndoo yake. Akamkalia kimya huyu mzee miaka yote, anamtoa jasho tu. Hakuna mwanamke kama mama yako."

Binti aliinua macho. "Zamani lini, mama?"

"Mwaka mmoja baada ya baba yako."

"Nilikuwa darasa la tano."

"Ndiyo."

"Darasa la sita walikuwa wananipekua begi kila kitu kikipotea. Unakumbuka? Ulikuja shule." Hakuwa akipaza sauti. "Bibi alifagia kile kibanda mpaka wiki aliyokufa. Alikuwa anawaomba radhi wapita njia."

"Nilikuwa namngoja apande, mwanangu. Nilitaka aumie."

"Ameumia." Binti alimtazama baba yake mdogo pale juu ya jiwe, kisha akamrudia mama yake. "Huyu alinyamaza kwa sababu aliogopa. Wewe ulinyamaza kwa sababu gani?"

Watu walikuwa wakingoja, maana siku ile Mama Kioo alikuwa na jibu kwa kila mtu. Alifungua mdomo. Alitafuta katika yale maneno aliyoyatunga miaka yote, na yote yalikuwa ya shemeji yake. La binti yake hakuwa ametunga hata moja.